Suka: Sifa ya Mikono, Si ya Mguu

Abiria wa Dar es Salaam akisema, “Yule ndiye suka,” hana maana tu kwamba mtu huyo ana leseni. Anamsifu. Katika mazungumzo ya mitaani Tanzania, suka ni dereva wa daladala, basi au lori, lakini likitamkwa kwa mkazo huwa ni cheo: dereva aliyeiva.

Wapo wanaodhani neno hili limetoka kwenye kitenzi kusuka, kwa kuwa dereva hodari hupenya kati ya magari kama ukili unavyopita kwenye mkeka. Taswira ni nzuri, ila sarufi haiikubali. Mtenda katika Kiswahili huanza na m-: anayesuka nywele ni msusi, anayesuka mikeka ni msukaji. Suka halina m-, na wingi wake ni masuka. Linafanana zaidi na konda, lililokatwa kutoka kondakta. Kwa hiyo asili iliyo karibu ni usukani.

Na usukani ulianzia majini. Sukkan kwa Kiarabu ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokielekeza. Mabaharia wetu walikuwa nao kabla ya gari la kwanza kufika pwani. Gari lilipokuja, neno likahamia nchi kavu. Sisi tulio huku Ghuba tunasikia jambo hilohilo: wenyeji nao huuita usukani wa gari sukkan, na dereva humwita drewil, neno lililotoka kwenye Kiingereza kilekile kilichotupa sisi dereva. Pande mbili za bahari moja zimefuata njia moja.

Mwanafunzi atofautishe matumizi. Kwenye leseni, taarifa ya polisi au barua ya kuomba kazi, andika dereva. Suka ni la mdomoni, la kirafiki: “Suka, tushushe hapo mbele.” Upatanisho wake ni wa watu: suka amefika, masuka wamegoma. Ukivuka kwenda Nairobi utasikia dere. Mashariki mwa Kongo, shofere, kutoka Kifaransa. Mfasiri anayeweka dereva kila mahali hakosei maana, lakini anaipoteza ile heshima.

Heshima hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Siku hizi vijana humwita suka yule anayechomekea, anayetanua, anayeshangiliwa kwa “kanyaga twende!” Lakini kukanyaga ni kazi ya mguu, na neno letu limetoka kwenye kifaa cha mikono. Mshika usukani wa jahazi hakuwa na mamlaka juu ya upepo. Ustadi wake ulikuwa kukiweka chombo kwenye njia yake, kwa mwendo wowote aliopewa.

Tazama malori yanavyoteremka Mlima Kitonga, Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Anayejua kazi huingiza gia ndogo tangu juu na kuacha injini ilizuie gari, kwa sababu breki zikiminywa mteremko mzima hupata moto na kukataa kushika. Anashuka polepole, kona baada ya kona, na mzigo wake unafika. Hakuna anayempigia makofi, lakini utingo aliyekaa pembeni yake anajua amepanda na suka.