Alcoblow: kabla hujashangilia, jua inapima nini

UZI. Siasa zikipamba moto huku Kamenu, hukosi mtu jukwaani akisema, "Alcoblow iondolewe, inaua biashara." Mwingine anajibu, "Irudi kila barabara!" Wote wanapigiwa makofi. Mimi huwa najiuliza, kwani tunabishania nini haswa?

1/ Pombe ikiingia kwenye damu, sehemu yake hutoka na pumzi kupitia mapafu. Kifaa kinasoma hiyo. Kumumunya peremende kunaficha harufu tu, hakuondoi pombe kwa damu.

2/ Kanuni za 2011 ziliweka kikomo: mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Kwa damu, miligramu 80 kwa mililita 100. Msako ukaanza Desemba 2013.

3/ Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni hizo zinagongana na Sheria ya Trafiki. Kifungu cha 44 hakitaji namba. Kinauliza: umelewa kiasi cha kushindwa kudhibiti gari? Kosa hilo halikufutwa. Faini ni hadi sh100,000, jela miaka 2, au zote mbili.

4/ Kwa hivyo kusoma namba ni kitu kimoja, kuthibitisha umeshindwa kudhibiti gari ni kingine. Anayetaka namba itoshe kukufunga, aipeleke Bungeni iandikwe ndani ya sheria yenyewe. Kelele za jukwaani hazibadilishi kifungu.

5/ Na dawa je? Kifungu cha 44 kinazitaja pia, lakini Alcoblow haioni bangi wala miraa. Ukipima mkojo, bangi inaweza kuonekana siku kadhaa baada ya kuvutwa, hata kama dere sasa yuko sawa. Ukitumia kipimo hicho peke yake, unaweza kumfunga mtu kwa ya wiki jana.

6/ Mimi hupanda mat ya saa kumi na moja alfajiri kwenda Nairobi. Dere aliyekunywa hadi saa nane usiku hajamaliza pombe kwa sababu amelala kidogo. Kahawa na maji baridi havimsaidii, mwili unahitaji muda. Lakini misako mingi tunayoizungumzia ni ya usiku, nje ya baa.

7/ Kwa hivyo mgombea akija, tusimwulize "unapenda Alcoblow ama hupendi?" Tumwulize: Namba gani, na iko kwa sheria ipi? Dawa utapima vipi? Na nani anampima dere wangu asubuhi?

Akikwepa hayo matatu, usimpigie makofi.