Kompyuta ikizimika ovyo, shika daftari kabla ya kumwita fundi

Hakuna linalomkera mwenye kompyuta kama mashine inayozimika bila kubisha hodi. Leo inafanya kazi toka asubuhi hadi jioni bila wasiwasi. Kesho, mwanafunzi akiwa amebakisha ukurasa mmoja tu wa kazi yake, kioo kinageuka buluu, au kinakuwa cheusi ti! Jasho la siku nzima limekwenda na maji.

Mjini Migori, hasa sehemu za Suna zilizo karibu na barabara kuu iendayo Isebania, hili si tatizo la watu wa anasa. Kompyuta ya mezani ndiyo jembe la maduka madogo ya intaneti. Huko ndiko wanafunzi huombea nafasi za vyuo kupitia KUCCPS na mikopo ya HELB, na wazazi hutafuta vyeti kwenye eCitizen. Mashine ikigoma siku ya mwisho ya kutuma maombi, anayeumia si mwenye duka peke yake.

Aghalabu mwenye mali hukimbilia kwa fundi, naye fundi mwenye haraka hufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mteja hulipa, hurudi nyumbani akichekelea, na baada ya wiki moja ugonjwa hurudi ule ule. Visivyorudi ni picha za familia na kazi za shule zilizofutwa. Hapo dawa imetolewa kabla ya mgonjwa kupimwa.

Mpenzi msomaji, ukweli ni kwamba kompyuta haizimiki ovyo. Kila mara ipo sababu, ila sisi huisahau hali ilivyokuwa wakati huo.

Nondo aliyenaswa Harvard

Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta kubwa iitwayo Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi mojawapo. Walimbandika mdudu huyo kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa, saa tisa na dakika 45 alasiri, pamoja na nambari ya swichi yenyewe, 70. Ukurasa huo ungali umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Tabia hiyo ya kuandika ndiyo inayotufaa. Weka daftari kando ya kompyuta. Kila inapozimika, andika siku na saa, kazi uliyokuwa ukifanya, na muda ambao mashine ilikuwa imewaka. Je, taa za nyumba zilififia? Mashine ilikufa ghafla, iliganda, au ilitoa maandishi? Nakili nambari zozote zilizotokea kwenye kioo. Baada ya kuandika mara tano au sita, mambo huanza kujieleza.

Windows nayo ina daftari lake, katika programu iitwayo Event Viewer. Ukiona humo nambari 41 yenye jina Kernel-Power, usidhani umepata jibu. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Kwa nini ilizimika, nambari hiyo haisemi.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi zako zote kwenye flashi au diski ya nje. Kisha anza na yale yasiyo na gharama.

Umeme na joto

Mashine ikifa ghafla kama taa iliyozimwa, mshuku umeme kwanza. Chomeka kompyuta kwenye soketi nyingine, ukabadilishe na waya wake. Ikiwa una UPS, hakikisha ingali na uwezo, kwani betri yake kwa kawaida huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. UPS yenye betri iliyokufa ni pambo tu: umeme ukikatika hata kwa nukta moja, kompyuta inakwenda nao.

Isitoshe, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu yakitanda, zima mashine na uchomoe waya ukutani, maana UPS si kinga ya radi. Umeme ukikatika, chomoa vilevile, usubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa kuwa mara nyingine hurudi kwa kishindo.

Ikiwa daftari linaonyesha kwamba mashine hufa adhuhuri, au baada ya saa moja ya mchezo au filamu, mshuku joto. Chipu nyingi hujizima joto likikaribia nyuzi 100 za sentigredi ili zisiungue. Vumbi la barabarani huziba feni na kuzuia hewa. Zima, chomoa waya, fungua ubavu wa kompyuta, na usafishe kwa brashi laini huku ukizuia feni isizunguke. Lakini usithubutu kufungua kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Memori na diski

Kioo cha buluu kinachokuja kila mara na ujumbe tofauti huelekeza kidole kwenye memori. Ndani ya Windows kuna programu ya kuipima, Windows Memory Diagnostic. Wengine hutumia MemTest86 na kuiacha usiku kucha. Kosa hata moja likionekana, kuna hitilafu. Kama una vibao viwili, chomoa kimoja, tumia kilichobaki kwa siku kadhaa, kisha vibadilishane zamu.

Mashine inayoganda huku diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga haitaki kungoja: okoa kazi zako mara moja. Na matatizo yakiwa yalianza siku ulipoweka programu mpya au printa mpya, ondoa hicho kipya kabla ya kulaumu vya zamani.

Jambo moja ni la lazima: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na ukiandike. Ukibadilisha waya, memori na Windows siku moja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikiugua tena utalipia vyote upya.

Ukifikia mwisho wa uwezo wako, mwite fundi, lakini mkabidhi daftari pamoja na kompyuta. Fundi mwema atafurahi, kwani nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa. Naye akisema atafuta kila kitu kabla ya kulifungua daftari hilo, chukua mashine yako utafute mwingine.