Makaa Katika Chumba cha Kulala

Wasikilizaji wetu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya mlangoni mwa mto Ruvuma, leo twataka kuzungumza nanyi habari ya moto wa kuota ndani ya nyumba. Miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi huleta baridi alfajiri, ndipo seredani ya makaa hutolewa jikoni ikatiwa chumbani. Hasa hutiwa katika chumba cha mzazi, maana ni desturi ya watu wengi wa pwani kumwekea makaa mvunguni mwa kitanda.

Desturi hiyo hatuicheki, kwani mzazi na mtoto mchanga wahitaji joto. Lakini nyumba zimebadilika. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti hupitisha hewa kati ya ukuta na paa. Hata hivyo si salama. Nyumba ya matofali ya saruji, yenye dari na madirisha ya vioo, ikifungwa haina mwanya.

Wengi huogopa moshi, nao hungoja makaa yawe mekundu ndipo wayaingize. Hapo ndipo wadanganyikapo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko iishikavyo oksijeni, hata nafasi ya hewa njema ikakosekana. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi. Aliyekwisha lala hapati hata onyo hilo. Wako wasemao kuwa bakuli la maji au ubani huondoa sumu. Ubani hunukisha chumba tu.

Basi makaa na yabaki uani, nayo yatumike kuchemshia maji. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga yaweza kupasha kitanda joto, kisha iondolewe kabla mtoto hajalazwa. Naye mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, uso wake ukiwa wazi. Hakuna seredani ipitayo joto hilo.

Watu wawili watatu wa chumba kimoja wakiamka wote wakiumwa kichwa, msiseme ni malaria kabla ya kutazama kama palikuwa na makaa. Fungueni milango, watoeni nje upesi, wapelekeni hospitali, tena mwambieni daktari habari ya makaa hayo, maana oksijeni ya hospitali huitoa sumu mwilini upesi zaidi kuliko hewa ya uani.