Pesa ya Mtumba Haivutwi na Chuma Ulete

Swali limenifikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa ujumbe wa sauti kutoka Lusahunga. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, anauza blauzi za mtumba kwenye status ya WhatsApp na kwenye kundi la Facebook. Wateja anao, kuanzia Biharamulo hadi Ngara. "Lakini mhasibu, pesa siioni. Ikiingia inayeyuka. Wenzangu wananiambia ni chuma ulete. Niweke nini kwenye pochi?"

Kazi yangu ni kuwafungia hesabu wafanyabiashara wadogo, na swali hili nimelichoka. Wanaoliuliza si wajinga. Ni watu wenye akili na bidii, wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, na majibu wanayopewa mtaani yanawatoa pesa kwa mara ya pili.

Nilimwomba daftari, hakuwa nalo. Tukakaa na simu yake. Picha za nguo zilikuwa bado zimo, meseji za wateja zimo, na taarifa ya miamala ya pesa ilipatikana. Tukayajenga upya mauzo ya miezi miwili, picha baada ya picha.

Alinunua Mwanza, soko la Mlango Mmoja, blauzi 60 za kuchagua kwa shilingi 3,000 kila moja. Bei yake ya kuuzia ni 8,000. Kichwani alikuwa na hesabu moja tu: nane toa tatu ni tano, zidisha kwa 60, faida 300,000. Hiyo ndiyo pesa aliyokuwa akiitafuta kwenye pochi.

Sasa tazama kilichotokea. Blauzi 30 ziliuzwa kwa bei kamili, zikaleta 240,000. Nyingine 15 zilikaa, akachoka kuziposti, akaziachia kwa 4,000, zikaleta 60,000. Sita zilichukuliwa kwa mkopo na walimu wenzake na jirani, hadi leo hazijalipwa. Tisa hazikuuzika kabisa. Moja ya hizo tisa aliniletea niione: blauzi nzuri ya krimu, kola imesimama, vifungo vyote vipo, ila kwenye makwapa ina doa la jasho la manjano lililokwisha kuwa sehemu ya kitambaa. Aliichagua kukiwa bado na giza, kwa mwanga wa tochi ya simu, katikati ya watu wanaosukumana. Ameifua mara tatu. Haitoki, na haitatoka.

Jumla iliyoingia ni 300,000. Kiasi kilekile alichokiita faida! Kumbe ni mauzo yote, kabla ya kutoa hata senti ya gharama. Tukaanza kutoa. Manunuzi 180,000. Nauli ya kwenda na kurudi Mwanza, chakula na malazi, 70,000. Bando 15,000. Sabuni, umeme wa pasi na vifungo 8,000. Makato ya kutuma na kutoa pesa 9,000. Bodaboda alizolipia yeye ili mteja asikate tamaa, 8,000. Gharama zote ni 290,000. Kilichobaki ni shilingi 10,000 kwa miezi miwili, na hapo hatujalipa usiku hata mmoja aliokesha akifua na kupiga pasi.

Hapo ndipo ilipo pesa yote. Hakuna iliyopotea.

Najua chuma ulete inavyosimuliwa, nimekua nikiisikia. Mteja analeta noti iliyofanyiwa dawa, noti inaingia kwenye droo, inawavuta wenzake wote na kurudi nao kwa mwenyewe. Ndiyo maana utakuta ndimu kwenye droo, chumvi ya mawe kwenye pochi, na mama mwenye genge anayekataa kutoa chenji kabla ya mauzo ya kwanza. Siku hizi imani imehamia kwenye simu: eti kuna namba ambazo zikikutumia pesa, salio lako linaanza kupungua.

Salio linapungua, ndiyo. Lakini kila shilingi inayotoka kwenye pesa ya simu ina tarehe, saa, namba ya muamala na jina la mpokeaji. Omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako, kaa chini, isome mstari kwa mstari. Ya mwalimu tuliisoma. Ilikuwa na umeme wa nyumbani, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi, sukari, vocha. Vyote vimelipwa kutoka laini ileile inayopokea pesa ya blauzi, na vyote vimelipwa na yeye mwenyewe. Nimesoma taarifa za namna hiyo nyingi sana, na sijawahi kukuta mstari mmoja ambao mwenye simu, baada ya kukumbuka vizuri, hakuujua.

Kilichoniuma zaidi ni mstari mwingine: 50,000 kwa mganga. Biashara imempa 10,000, dawa ya kuilinda imemla 50,000. Kwa hiyo miezi ile miwili, kwa hesabu halisi, alitoka na hasara ya 40,000, na shimo hilo lote lilichimbwa na tiba yenyewe. Mganga akikuhakikishia kwamba pesa yako inavutwa, muulize ulinunua blauzi ngapi na kwa bei gani. Kama hajui, amejuaje kwamba kuna iliyopungua?

Kuna jambo zito zaidi ya hasara, na hapa sitapunguza sauti. Chuma ulete haiishii kwenye ndimu. Inatafuta jina la mtu. Mwalimu alikwisha kulipata: mama mtu mzima wa mtaa wa pili, mwenye macho mekundu, ambaye kila akija kununua "siku hiyo mauzo yanakufa". Kanda ya Ziwa tumezika bibi zetu wengi waliouawa kwa maneno yaliyoanza hivyohivyo, na macho mekundu mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Tulipopanga mauzo, jina la mama yule lilitokea karibu na mwanzo: blauzi mbili, 16,000, taslimu, bila kuomba punguzo. Alikuwa miongoni mwa wateja bora kabisa wa biashara ile. Sita wanaodaiwa 48,000 wote ni marafiki.

Pesa hiyo 48,000 ikilipwa, faida ya 10,000 inakuwa 58,000. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na inapatikana bila kuchinja kuku.

Mengine nayasema haraka, maana si magumu. Nunua daftari la kurasa 40, andika kila kinachoingia na kila kinachotoka siku hiyohiyo. Tenga laini ya biashara, usilipie sukari kwa laini hiyo. Usianze na belo. Belo unalinunua limefungwa na halirudishwi, hivyo hasara yote ya kilichomo ni yako. Chagua moja moja, mchana, ukikagua kwapa, zipu na mshono wa ndani. Usiende Mwanza peke yako kwa blauzi 60: mkiwa watatu, mmoja asafiri na nauli igawanywe. Au mtafute mtu wa kukuchagulia sokoni akutumie picha, uposti, mteja alipe, ndipo inunuliwe. Nguo za ndani za mtumba achana nazo, TBS imezipiga marufuku.

Status ya WhatsApp huonwa na aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake, tena kwa saa 24 tu. Kujaza namba za wasiokujua ni kazi bure. Lusahunga iko njia panda, tumia faida hiyo: mabasi ya Bukoba, Ngara na Kahama yanapita, na Nyakanazi yanachepuka ya Kibondo. Parseli ilipiwe na mteja, risiti ya basi ipigwe picha. Usitoe mzigo kwa kuona meseji ya malipo, angalia salio lako mwenyewe. Ukipata meseji ya kitapeli, itume 15040. Na kama kwenye status hiyohiyo unauza pia simu zilizotumika, piga *#06# upate namba ya IMEI, uitume 15090, na umdai aliyekuuzia risiti. Simu ya wizi itakupeleka kituoni wewe uliyeiposti, si yeye.

Na wale wanaoniuliza kuhusu kuvusha mitumba Rusumo kwa sababu Rwanda inauzwa ghali: ni ghali kwa sababu mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mtumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Ukivusha kwa njia ya panya, mzigo wako wote ni mali ya forodha ya kwanza itakayokukamata. Usinipigie simu kuniuliza kuhusu hilo.

Mwalimu amerudi na daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika majina sita ya wadaiwa, na mbele ya mawili kuna alama ya vema na 8,000. Jina la tatu ni la mwalimu mkuu wake. Aliniuliza aanzeje kumdai. Nikamwambia amtumie picha ya blauzi, tarehe na bei, asiongeze neno.