Je, Wajua? Morisi iliwahi kuishiwa na watu wa kuajiri

Mwaka 1961 mwanauchumi Mwingereza James Meade, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, aliitabiria Morisi balaa: kisiwa kidogo, watu wanaongezeka kwa kasi, na tegemeo lao ni miwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu mtu 1 kati ya 5 katika nguvukazi hakuwa na ajira. Mtabiri alionekana hakukosea.

Kumbe! Sheria ya mwaka 1970 ilikuwa imewapa nafuu ya kodi wenye viwanda vya kuuza bidhaa nje. Wawekezaji, wakiwemo wa kutoka Hong Kong, walifungua viwanda vya sweta na fulana, na waliokalia cherehani wengi wao walikuwa wanawake, ambao awali ajira ya mshahara iliwapita mbali. Kufikia mwaka 1990 ukosefu wa ajira ulishuka chini ya asilimia 5, kisha viwanda vikaanza kuagiza wafanyakazi kutoka China.

Mwaka 2005, mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ya nguo ulipokoma, viwanda kadhaa vilifungwa na ukosefu wa ajira ukakaribia asilimia 10. Hata hivyo wageni, wakiwemo wa kutoka Bangladesh, waliendelea kuajiriwa viwandani. Sababu ni kwamba vijana wa Morisi waliosoma walikuwa wanatafuta kazi za ofisini.