Kwa Nini Injili Nne?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo vijana wetu huulizwa shuleni na hata sokoni: Injili ni moja, mbona ninyi Wakristo mna vitabu vinne, tena havisemi sawasawa? Wako vijana waliolipeleka swali hili kwa wazee wa kanisa, wakaambiwa wasichunguze sana wasije wakapoteza imani. Sisi hatudhani jibu hilo lafaa. Kijana akinyamazishwa kanisani atakwenda kuuliza mahali pengine.

Tena swali lenyewe si geni. Yapata mwaka wa 170 baada ya Kristo, mtu mmoja jina lake Tatian, mzaliwa wa upande wa Ashuru aliyekuwa amesoma kwa mwalimu Justin kule Rumi, alizichukua Injili zote nne akazishona ziwe habari moja yenye kwenda mfululizo. Kitabu chake kikaitwa Diatesaroni, maana yake "kwa njia ya zile nne". Makanisa ya Shamu yalikipenda mno. Kilisomwa katika ibada kwa miaka zaidi ya mia mbili, na mwalimu wao mashuhuri, Ephrem, aliandika maelezo juu yake. Nasi twaweza kuelewa sababu. Siku zile kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na kupata kimoja badala ya vinne kulikuwa nafuu kubwa. Na mwenye kukisoma hakusumbuliwa na tofauti yo yote, kwa kuwa Tatian alikwisha kuzisawazisha.

Lakini mshonaji hana budi kukata. Askofu Theodoret, aliyekiona kitabu hicho, asema Tatian aliziacha nje zile orodha za vizazi. Mathayo aanza na Ibrahimu akishuka mpaka kwa Yusufu. Luka aanza na Yesu akipanda mpaka kwa Adamu, na majina mengi hayalingani. Pengine hata wewe, msikilizaji, huiruka sura ya kwanza ya Mathayo kwa sababu ya majina yale magumu. Basi irudie polepole. Utawakuta Tamari, aliyejifanya kahaba ili apate haki yake kwa mkwewe. Rahabu wa Yeriko. Ruthu Mmoabi, mjane na mgeni. Na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo amewaweka katika ukurasa wake wa kwanza, kabla hajasema neno juu ya kuzaliwa kwa Bwana. Orodha ikikatwa, wanawake hao watoka nayo. Katika makanisa yetu wako akina mama wengi waliozaa bila kuolewa, ambao huketi viti vya nyuma na hawaitwi kutoa ushuhuda. Mwenye kuiacha orodha ya Mathayo kwa kuwa inachosha amewanyima hao ukurasa wao.

Kanisa kwa ujumla halikukubali kitabu kimoja kiwe badala ya vinne. Yapata mwaka wa 180, Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliandika kwamba Injili ni nne, hazizidi wala hazipungui. Katika karne ya tano, Theodoret huyo tuliyemtaja, askofu wa mji wa Cyrrhus kule Shamu, alikuta nakala zaidi ya 200 za Diatesaroni katika makanisa yake. Akazikusanya, akaziondoa, akaweka Injili nne mahali pake. (Sisi si wapenzi wa viongozi wanaowanyang'anya watu vitabu, lakini hapo angalau waumini walipewa zaidi ya walichonyang'anywa.)

Je, sisi hatuna Diatesaroni yetu? Tazameni michezo ya Krismasi. Wachungaji na mamajusi watatu hupiga magoti pamoja mbele ya hori, na nyota juu ya paa. Lakini Luka hana nyota wala mamajusi, na Mathayo hana hori wala wachungaji. Kwa Mathayo mamajusi waliingia nyumbani, wala hasemi walikuwa watatu. Zawadi ndizo zilizokuwa tatu. Hatusemi watoto wakatazwe mchezo wao. Twasema mtazame kilichoachwa. Habari ya Mathayo haiishii kwenye zawadi. Yaendelea mpaka kwa Herode na watoto waliouawa, na Yusufu akiondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri. Sehemu hiyo hukatwa mara nyingi, maana haipatani na furaha ya siku ile. Na huku katika nchi yetu wako watu waliokimbia makwao usiku wakibeba watoto, mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008. Wengine wao wameketi mbele ya mchezo huo huo, wakingoja sura yao isomwe.

Sasa kijana wetu ajibiwe nini? Yeye ameona baraza la wazee likisikiliza kesi. Mashahidi wanne wakija na maneno yale yale, pasipo kupishana hata kidogo, wazee huuliza, "Ninyi mlikutana wapi kupanga?" Lakini kila mmoja akisema alichokiona kutoka pale aliposimama, na wote wakapatana juu ya jambo lenyewe, hapo husikilizwa.

Katika ushirika wenu wa nyumbani juma hili, jaribuni hivi. Jigawanyeni makundi manne, kila kundi lisome asubuhi ya ufufuo katika Injili moja tu: Mathayo 28, Marko 16 mstari wa 1 mpaka wa 8, Luka 24 mpaka mstari wa 12, na Yohana 20 mpaka mstari wa 18. Ulizaneni: Ni nani waliokwenda kaburini? Walimkuta nani? Waliondoka vipi? Msiwe na haraka ya kupatanisha majibu.

Kundi la Marko msilipe mistari inayofuata. Nakala mbili za kale zaidi zilizo na Injili hiyo nzima, za karne ya nne, zakoma kwenye mstari wa 8. Kundi hilo litamaliza mapema, nalo litarudi na wanawake waliokimbia wakitetemeka, wasimwambie mtu neno kwa kuwa waliogopa. Huenda katika kundi hilo yuko aliyefiwa majuzi, ambaye naye bado hajapata la kusema. Mpeni nafasi kidogo, kisha ndipo mlikaribishe kundi la Yohana, liwaeleze habari za Mariamu aliyebaki nje ya kaburi akilia.