Kiti cha Ngozi Baina ya Ukungu wa Mlimani na Ukavu wa Same

Kiti cha ngozi kilichokaa salama kwa miaka huko Mamba, upande wa mashariki wa Milima ya Pare, chaweza kufanya nyufa muda si mrefu baada ya kuteremshwa mjini Same. Kadhalika kiti kilichozoea Same, kikipandishwa mlimani wakati wa masika, huota madoa meupe na ya kijani, na chumba kizima kikanuka uvundo. Wenye viti aghalabu humlaumu fundi, au husema ngozi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mara nyingi kosa si la fundi wala la ngozi, bali ni usafishaji usiolingana na hewa ya mahali. Kwa familia iliyonunua viti hivyo kwa fedha ya msimu mzima wa tangawizi, hasara hiyo si ndogo.

Ngozi ya ng'ombe ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizofumana pande zote mithili ya pamba iliyoshindiliwa. Ikiachwa mbichi, bakteria huila ikaoza; ikianikwa juani tu, hukakamaa kama ubao. Kiwandani nyuzi hizo hufungamanishwa kwa tanini ya magome ya miti, kama vile miwati ambayo Kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoundwa mwaka 1949 ilipanda huko Njombe, au kwa chumvi za kromiamu, njia ambayo Augustus Schultz alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1884. Ngozi nyingi za viti vya siku hizi zimesindikwa kwa kromiamu.

Tanini na kromiamu huzuia kuoza, lakini ulaini hautoki huko. Ulaini hutokana na mafuta yanayoingizwa baina ya nyuzi kiwandani, pamoja na maji kidogo ambayo ngozi huyavuta hewani. Katika hewa ya wastani maji hayo ni takriban asilimia 12 hadi 16 ya uzito wake. Mafuta hufanya nyuzi ziteleze; maji hufanya zipindike bila kukatika. Ngozi haiyashiki maji hayo daima. Huyavuta na kuyaachia kadiri hewa inavyobadilika, na kwa hiyo kukitunza kiti cha ngozi ni hasa kuyatunza maji yaliyomo ndani yake.

Katika jambo hili Milima ya Pare ni darasa la ajabu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda kuta za mashariki, hupoa, na kuacha mawingu na mvua huko juu, ambako kilele cha Shengena hufikia meta 2,462. Zinaposhuka magharibi huwa zimepungukiwa maji, tena hupata joto kwa kule kushuka kwenyewe. Mji wa Same umekaa katika kivuli hicho cha mvua. Hapo ngozi hupoteza maji kuliko iwezavyo kuvumilia, nyuzi hukaribiana na kushikamana, na mtu anapoketi hukatika badala ya kuteleza. Mlimani mambo hugeuka: hewa ikikaa siku nyingi na unyevu unaozidi asilimia 70 hivi, kuvu hupata nafasi ya kuota. Lugha yenyewe imeutambua ujirani huo, maana wingu lililolala juu ya migomba na uotaji mweupe juu ya kiti vyote viwili huitwa ukungu.

Adui wa kwanza huko Same ni vumbi. Chembe zake ni ngumu, na kusugua kiti kwa kitambaa kikavu ni sawa na kukipiga msasa. Yafaa vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini, hasa kwenye mishono, ndipo kipitishwe kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Sabuni ya mche ya kufulia isitumike. Sabuni hiyo ni alkali, yenye pH ya 9 au 10, hali ngozi iliyosindikwa ina asidi kidogo, baina ya 3.5 na 5. Huyatoa mafuta ya kiwandani pamoja na uchafu, na maji yakiwa magumu huacha utando mweupe juu yake. Penye doa gumu latosha povu la sabuni ya maji isiyo kali, kisha lifutwe upesi. Mafuta ya taa, ambayo wengi huyasifu kwa kung'arisha, huyeyusha mafuta yaliyomo ndani ya ngozi; mng'ao wake ni wa siku moja.

Je, kiti kipakwe mafuta? Tone la maji litatoa jibu. Likinywewa, ngozi iko wazi nayo yaweza kupokea krimu ya ngozi, kidogo sana. Likisimama, ngozi imefunikwa kwa rangi ya kiwandani, na mafuta yatabaki juu yakishika vumbi. Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, hayafai hata kidogo, kwani yakikutana na oksijeni huwa ya kunata na kunuka. Dawa ya viatu nayo huhamia kwenye nguo za wageni.

Mlimani mafuta mengi ni chakula cha kuvu, hivyo mkono uwe mwepesi zaidi. Kiti chenye ukungu kitolewe nje, kipigwe brashi mbali na vyumba, kisha kifutwe kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kwa kuwa spiriti yaweza kuondoa rangi. Kikaushwe kivulini penye upepo. Kukianika juani au kando ya moto ni kukifanyia yale yale ya Same kwa saa moja. Kisigusane na ukuta, wala kisifunikwe kwa plastiki.

Hayo yote hayahusu ngozi ya bandia. Ile ya poliyurethani huvunjwa polepole na unyevu, ikabambuka kama magamba, na hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Shuleni jaribio ni rahisi. Vipande viwili sawa kutoka kwa mshona viatu vipimwe uzito, kimoja kitundikwe katika chupa iliyofungwa yenye maji chini, kingine katika chupa yenye kalsiamu kloridi kavu, na vipimwe kila siku kwa juma moja, kisha vikunjwe. Shule ya Same na shule ya mlimani zaweza pia kuacha kila moja kipande chake hewani na kubadilishana vipimo mwezi wa Februari na mwezi wa Aprili.